Uliza Mwalimu: Nauza Dagaa Mwaloni, Nina Miaka 44. Nirudi Shule?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 44, nafanya biashara ya dagaa hapa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1996 huko Magu. Darasa letu walichaguliwa wawili tu kwenda sekondari, wote wavulana, mmoja mtoto wa mwalimu. Mimi kwenye mtihani wa majaribio nilikuwa wa tano, lakini majina yalipobandikwa langu halikuwepo, na baba akasema basi, Mungu hakupanga. Nikaja Mwanza kukaa kwa shangazi, Igoma, nikaanza kuuza maandazi, na mengine ndiyo haya maisha.*

*Sasa Mwalimu, tangu mwaka jana nina wazo la kusoma nipate cheti cha kidato cha nne. Sababu zangu ni hizi. Kwanza biashara imebadilika, wanunuzi wa Kongo na Zambia wanaokuja hapa wanaangalia mzigo msafi, na mimi nataka siku moja nifungashe dagaa wangu kwenye pakiti yenye lebo. Pili nimesikia pale chuo cha uvuvi Nyegezi wanafundisha usindikaji wa samaki, ila bila kidato cha nne huingii. Tatu, kwenye kikundi chetu cha akina mama mimi ndiye mweka hazina, lakini ikija karatasi ya Kiingereza namwita binti yangu Kabula anisomee. Hilo linaniuma.*

*Kabula ndiye wa mwisho, yuko kidato cha tatu. Nilipomwambia alicheka, halafu akanyamaza, halafu akasema, "Mama, si nitaulizwa shuleni?" Baba yake hakucheka. Alisema hiyo pesa bora tumalizie kiwanja cha Kisesa, na kwamba mtu wa umri wangu anasoma aajiriwe na nani. Yeye aliishia kidato cha pili.*

*Kipindi cha giza naamka saa tisa usiku nikapokee mzigo kutoka visiwani. Jioni nimechoka. Hesabu za vitabuni nimesahau zote. Nikisoma kidogo kichwa kinauma, maandishi yanacheza, naona labda akili imeshazeeka. Niambie ukweli usinifariji: nirudi au niache? Maana hata mwenyewe sijui kama nafanya kwa ajili ya biashara, au ni ile sketi ya bluu ya sekondari ambayo sikuivaa.*

*Mama Kabula, Kirumba*

Marahaba, Mama Kabula.

Soma. Ila si kwa zile sababu tatu za juu. Soma kwa hiyo ya nne, uliyoichomeka mwishoni kama mgeni anayetoa shida yake akiwa ameshashika kitasa cha mlango.

Tuanze na pakiti na lebo, kwa sababu hapo nakuona unataka kujichelewesha bure. Hakuna anayedai cheti cha kidato cha nne ili ufungashe dagaa. Nenda SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo. Wanafundisha wajasiriamali usindikaji na ufungashaji kwa mafunzo ya muda mfupi, kwa Kiswahili, na wao ndio wanaokuandikia barua ya utambulisho uende TBS, Shirika la Viwango, kuomba nembo ya ubora. Anza na kuanika kwenye vichanja badala ya mchangani, kama hujaanza. Ukikaa miaka mitatu unasubiri cheti ndipo ufungashe, mwenzako wa kizimba cha pili atakuwa ameshapata nembo na wateja wako anao yeye. Kwa hiyo hiyo sababu itoe kwenye hesabu ya shule, ifanye peke yake, na ifanye mwaka huu.

Nyegezi ni habari nyingine. Hiyo ni kampasi ya FETA, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, na kozi ya usindikaji, udhibiti wa ubora na masoko ya samaki ipo kweli. Pale cheti cha kidato cha nne ni lazima, na si cha kuokoteza: utahitaji ufaulu wa masomo manne, yaani D nne, na masomo ya dini hayahesabiwi. Kwa kozi za samaki sayansi ina uzito, kwa hiyo usije ukaikimbia Baiolojia kwa sababu ina michoro. Chukua sifa za kujiunga pale chuoni kabla hujachagua masomo. Nimeona watu wazima wamefaulu vizuri, halafu wamefika mlango wa chuo na masomo ambayo chuo hakiyataki.

Karatasi za kikundi nazo zina dawa yake, nitakuja.

Lakini nilipofika kwenye hiyo sketi nilisimama. Mwaka 1996 hukukosa akili, Mama Kabula, ulikosa kiti. Shule za sekondari za serikali zilikuwa za kuhesabu wilaya nzima, na mtoto angeweza kupata alama nzuri tu asichaguliwe kwa sababu nafasi zimejaa. Shule za kata unazoziona leo kila ukipita, zile Kabula anazozilalamikia kwa umbali, zilikuja na MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza 2004. Ulimaliza miaka minane kabla. Baba yako alisema Mungu hakupanga. Mimi nasema wizara haikujenga. Ni vizuri ulijue hilo kabla hujaingia darasani, kwa sababu mtu mzima anayeamini alifeli huingia na kalamu inayotetemeka, na wewe hukufeli.

Watu wengine wananitumia habari ya Mzee Kimani Maruge wa kule Eldoret, Kenya, aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, wakitaka niiandike kila nikijibu barua kama yako. Namheshimu sana yule mzee. Lakini hakuwa na mzigo wa dagaa wa kupokea saa tisa usiku.

Sasa njia yenyewe. Sharti la umri halipo, kwa hiyo hilo ondoa. Kwa kuwa hukuingia sekondari kabisa, utaanza na Mtihani wa Maarifa, huu tunaouita QT, unaotungwa na Baraza la Mitihani, NECTA. Huo unakupa hadhi ya mtu aliyevuka kidato cha pili. Ukifaulu ndipo unaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vituo vingi hubana kidato cha kwanza na cha pili kuwa mwaka mmoja, cha tatu na cha nne mwaka mwingine. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, wana utaratibu wa namna hiyo na wapo hapa Mwanza. Kwa mtu wa kazi yako mimi ningeanzia kwao, kwa sababu wana moduli za kusomea nyumbani na hawashangai mwanafunzi akikosa wiki.

Mitihani yote miwili ni mwishoni mwa mwaka, na usajili hufunguliwa mwaka ukianza. Ukichelewa unalipa faini. Waulize pia watakufundisha kwa mtaala upi, maana mtaala mpya wa sekondari umeanza kuingia kidato kwa kidato, na madaftari ya Kabula huenda ni ya ule wa zamani.

Kuna vituo vya mfukoni. Kipo kimoja mjini hapa, sitakitaja, kilichokusanya ada za watu, na Novemba ilipofika majina yao hayakuwepo kwenye orodha ya watahiniwa. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, omba namba ya kituo cha mtihani, ile inayoanza na P, na ukishasajiliwa dai uone jina lako na namba yako ya mtihani kwa macho yako. Na jina hilo, mwanangu, lifanane na la kitambulisho cha taifa, cha NIDA, la cheti cha kuzaliwa na la cheti chako cha darasa la saba. Akina mama wengi wanaingia matatani hapa: Magu uliandikishwa kwa jina la babu, Mwanza umeolewa ukaandikishwa kwa jina la mume, na kitambulisho kimekaa katikati. Kama yanapishana, tafuta kiapo kwa wakili mapema. Mwalimu mstaafu kama mimi anaweza kukufundisha aljebra, lakini jina likishachapwa kwenye cheti hakuna wa kukusaidia kirahisi.

Umesema hesabu umesahau zote. Hebu tuone. Umenunua magunia sita kwa bei moja. Moja limeloa njiani, umeliuza nusu ya bei uliyonunulia. Matano yaliyobaki uyauze bei gani ili angalau mtaji urudi? Naamini umeshajibu kabla hujamaliza kusoma swali: kila gunia bei ya kununulia, na sehemu ya kumi juu yake. Hilo unalifanya umesimama, mkono mmoja kwenye sado, simu umeibana begani. Kwenye karatasi ya mtihani swali ni hilohilo, ila bei ya gunia imeitwa x. Nilifundisha Hisabati madarasa ya jioni miaka mingi, kwenye madawati ya shule ya msingi ambayo magoti ya wanafunzi wangu hayakuenea, na wafanyabiashara wa soko la Mlango Mmoja walikuwa wananipita kwa kasi ya kichwa. Asilimia, uwiano, faida na hasara walivijua toka zamani. Walichokuwa hawajui ni kwamba wanavijua.

Ukuta wako uko kwenye Kiingereza. Hapa ndipo ulitaka ukweli, nao ni huu: ukiacha Kiswahili na machache mengine, masomo ya sekondari yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Lile swali la magunia utaandikiwa kwa Kiingereza, na utakaa ulitazame wakati jibu unalo kichwani. Wanafunzi wangu wengi walioacha njiani waliachia hapa. Na wengi waliacha miezi ya mwanzo, wakiwa wamenunua vitabu vya masomo saba kwa mpigo.

Basi wewe usianze na masomo saba. Anza na Kiingereza peke yake, kuanzia sasa hadi mwaka mpya, bila kujisajili popote. Mchukulie Kabula kitabu chake cha Jiografia cha kidato cha kwanza, tafuta kamusi, na soma ukurasa mmoja mpaka uelewe. Nimetaja Jiografia kwa sababu utakuta humo mvua, upepo, ziwa na uvuvi, vitu unavyovijua kuliko mwandishi wa kitabu; neno geni likitokea kwenye jambo unalolijua linaingia upesi. Na hii ndiyo dawa ya zile karatasi za kikundi niliyokuahidi. Hata kama mwisho wa yote hukufanya mtihani wowote, ukiweza kusoma barua ya ukurasa mmoja bila kumwita mtoto, umeshapata ulichokitaka pale.

Kabla ya kamusi, miwani. Kichwa kuuma na maandishi kucheza ukiwa na miaka 44 si uzee wa akili. Kuanzia miaka arobaini hivi macho ya karibu watu wote huanza kushindwa kuona vitu vya karibu, ndiyo maana unamwona mtu anasoma ujumbe wa simu ameinyoosha mbali kama anaionea kinyaa. Nimewahi kuwa na mwanafunzi, fundi seremala, aliyekata tamaa kabisa kwamba kichwa chake ni kizito. Nikamwazima miwani yangu ya kusomea dakika moja tu. Alisoma aya nzima, akanirudishia, hakusema kitu, na kesho yake akaja na ya kwake. Nenda hospitali ya Sekou Toure wakupime. Gharama ya miwani ni ndogo kuliko ada yoyote utakayolipa.

Nije kwenye muda, maana hapa una bahati kuliko unavyodhani.

Mwaka 1968 ulianza hapa Mwanza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa kwa mikoa ya ziwa, UNESCO wakiwemo, na usiku wa kuamkia 1970 Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya kazi zao: mwenye pamba anasoma pamba, mvuvi uvuvi, mwenye migomba migomba. Mama yangu alisomea cha pamba, huko Misungwi, chini ya mwembe, na mimi nilikuwa nikimshikia mdogo wangu mchanga pembeni. Mwalimu wao alikuwa kijana wa darasa la saba, hakuwa na chuo chochote. Lakini alijua jambo ambalo walimu wenye shahada wanalisahau: pamba ikianza kupasuka darasa linabaki na wazee watatu. Basi hakuwa akiwafukuzia. Alifunga, akawaacha wavune, akafungua tena pamba ikishauzwa, na hakuna aliyeitwa mtoro. Mama yangu alisoma barua za kaka yangu mpaka alipofariki.

Wewe pamba yako ni giza. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa haishindani na mwezi mpevu. Kwa hiyo kila mwezi unazo siku za mbalamwezi ambazo mitumbwi imepumzika, mwalo umepoa, na akina mama mnakaa mnasukana. Hizo ndizo siku zako za darasa. Kipindi cha giza usijidanganye kwamba utarudi nyumbani saa moja jioni ufungue Kemia. Utalala juu ya kitabu na utaamka unajichukia. Giza lichukulie Kiingereza kidogo tu, zile dakika unazosubiri boti ifunge kamba, kwenye daftari dogo la mfukoni. Mbalamwezi ikifika, weka masomo mazito, saa tatu nne kwa siku. Chora kalenda ya mwezi wa angani kwenye karatasi, ibandike jikoni, na uipeleke kituoni wakati wa kuuliza nafasi. Kituo kitakachokuambia mahudhurio ni kila siku saa kumi jioni bila udhuru, kiage kwa adabu.

Pesa nayo ina msimu. Masika dagaa hawakauki, wanaoza kwenye vichanja, na mtaji unaliwa. Hilo sihitaji kukuambia. Ada ya usajili inadaiwa mwanzo wa mwaka, masika iko mbele yako. Kwa hiyo akiba ya shule ianze kiangazi, kwenye kibubu chake, isichanganywe na mtaji wala na mfuko wa kikundi. Usikope. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, ni ya biashara za vikundi; mweka hazina akionekana analipia ada humo, hata kama karudisha, jina limeshaharibika.

Baba Kabula. Kwenye kiwanja hajakosea, na usimfanye adui. Mtu aliyekuwa na nusu ya pesa ya msingi halafu akasikia mwenzake anataka shule, lazima ashtuke. Ila amekataa kitu ambacho hajatajiwa bei. Nenda TEWW na SIDO, andika gharama kwenye karatasi, moja ya QT mwaka wa kwanza, nyingine ya kidato cha nne, umwonyeshe na muulizane kiwanja kitachelewa kiasi gani. Inawezekana ni miezi michache. Inawezekana mkaanza na msingi mwaka huu, usajili ukawa mwaka wa kesho kutwa, na hilo pia ni jibu.

Halafu kuna lile ambalo umeliandika kwa maneno machache ukapita. Aliishia kidato cha pili. Mama Kabula, ukifaulu QT mtakuwa sawa, na ukimaliza kidato cha nne utakuwa umempita, na yeye hesabu hiyo ameshaipiga usiku akiwa amelala kifudifudi. Wanaume wa kwetu hawasemi hilo, wanasema kiwanja. Sikushauri umbembeleze, na usimwambie "twende wote" kwa huruma, atasikia vibaya. Siku ukiwa na swali la Kiingereza la kidato cha kwanza muulize yeye kabla ya Kabula. Kama anajua atajibu, na atajibu kwa sauti. Kama hajui, muache ajifanye amechoka.

Kabula asikutie hofu. Ana umri wa kuona aibu hata kwa kiatu cha mama yake. Aulizwe, ajibu. Kwanza hamtakutana chumba cha mtihani: yeye anamaliza kidato cha nne mwakani, wewe mwakani ukijaliwa uko QT. Yuko mbele yako, na ndivyo umwambie, kwamba madaftari yake ya kidato cha kwanza na cha pili umeyaomba kwa heshima na hutayarudisha na mafuta ya dagaa. Mlipe akikufundisha, hata vocha. Mtoto wa miaka kumi na saba anayelipwa kumfundisha mama yake husahau aibu upesi sana. Lakini mwaka wake wa mtihani muache asome ya kwake, usimmalize usiku kwa maswali.

Na kama unataka kipimo cha kujua uendelee au uache, ni hiki. Hesabu mbalamwezi tatu kuanzia sasa. Kitabu cha Jiografia, kamusi, miwani. Kama ya tatu ikipita unakuta umekuwa ukikifungua bila kulazimishwa, nenda Januari ukajisajili na usiniulize tena. Kama kitabu bado kiko chini ya godoro na kila ukikiona unakumbuka kazi nyingine, basi acha kwa moyo mweupe, nenda SIDO, piga lebo yako, jenga Kisesa. Hakuna atakayekudai.

Ila sketi ya bluu usinunue. Kwenye madarasa ya jioni tunavaa vitenge.

*Mwalimu, binti yangu alipata ujauzito akiwa kidato cha tatu, mwaka jana mwanzoni. Sasa ana mtoto na ana miaka 19. Anasema anataka kurudi shule. Mama yake anasema umri umeshapita na tutachekwa kijijini. Je, serikali inaruhusu?*

*Baba mzazi, Sengerema*

Inaruhusu, tangu Novemba 2021, na waraka wa elimu uliotoka mwaka huo ndio unaosema hivyo: mwanafunzi aliyekatiza masomo, ujauzito ukiwemo, arudishwe shule, na muda aliopewa ni miaka miwili. Kwa hesabu yako muda bado upo ila unakimbia, kwa hiyo usingoje mpaka mahindi yavunwe. Nenda shuleni kwake kwanza. Kama hataki kurudi pale alipotokea, na mabinti wengi hawataki, omba uhamisho kwenda shule nyingine. Hilo ni jambo la kawaida na mkuu wa shule anajua fomu zake.

Njia ya pili ni TEWW. Kupitia SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, walifunguliwa mlango wasichana wa miaka 13 hadi 21 waliokatiza sekondari, wasome kwa njia mbadala bila ada, kwa muda uliobanwa. Umri wake unaingia humo; waulize kama nafasi bado zipo. Na kwa kuwa alishavuka kidato cha pili hahitaji QT kama Mama Kabula hapo juu. Tafuta namba yake ya mtihani wa kidato cha pili, ndiyo watakayoiuliza kwanza.

Kuchekwa mtachekwa, msimu mmoja, kisha watu watapata mwingine. Kinachoniumiza kichwa mimi ni mjukuu. Mama yake akiwa darasani atabaki na nani, atanyonyeshwa saa ngapi, na akiugua homa wiki ya mtihani nani anampeleka zahanati? Lizungumze hilo na mkeo leo, kwa majina na kwa saa, kabla hamjapanda gari la kwenda kumwandikisha.